Mkongo wa Kisimani

Utoto wangu niliupitisha Ruaruke, nikilala mkeka mmoja na Bibi Somoe, mama yake baba. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na kisima, na kando yake ulisimama mkongo mnene, mpaka watu watatu washikane mikono ndio wauzunguke. Bibi alisema mti ule una wenyewe, hawaonekani, na maji yale ni yao. Kila Ijumaa alinyunyiza unga wa mchele shinani, na tawi la chini alilifunga kitambaa cheupe.

"Ukikatwa huu, maji yatawafuata wenyewe," aliniambia.

Nilimwamini mpaka nilipofika darasa la tano. Hapo nikaanza kuona haya. Wenzangu waliokuja kuteka maji walikitazama kile kitambaa wakacheka, nami nikacheka nao.

Mwaka huo baba alitaka kuupasua mkongo apate mbao za milango, na mimi akaniahidi kitanda changu mwenyewe. Lakini hata mti ulio kwenye kiwanja chako hukati bila kibali. Serikali ya kijiji ilishagonga muhuri. Alibaki bwana misitu kuja kuukagua.

Alikuja asubuhi kwa pikipiki, mtu mpole, fomu kazikunja mfukoni mwa shati. Aliupima mti kwa kamba, kisha akauliza, "Hapa pana mtu anatambikia? Maana mti wa tambiko siuandikii kibali mpaka ukoo wote ukubaliane."

Bibi akasogea taratibu.

"Mimi natambikia, mwanangu. Kitambaa changu kile pale."

Bwana misitu akatazama. Hapakuwa na kitambaa. Nilikuwa nimekifungua alfajiri, bila kutumwa na mtu, nikakisokomeza kwenye begi langu la shule.

"Mbona sikioni, bibi?"

Bibi alilipapasa tawi kwa mkono, huku na huku. Akanigeukia. "Mwambie, mjukuu wangu. Wewe si unakijua?"

Nikasema, kwa sauti ileile ya kumjibu mwalimu darasani, "Bibi siku hizi anasahau. Anaona vitu ambavyo havipo."

Baba aliinamisha kichwa. Alijua kuwa nasema uongo. Bwana misitu akasema, "Pole, bibi," akaandika. Bibi hakubishana. Aliutazama mkono wake uliokuwa ukipapasa tawi, akaenda zake jikoni.

Mti uliangushwa wiki ileile. Kiangazi kilichofuata kisima kilikauka, na Bibi akawa anafuata maji bondeni, ndoo kichwani. Hata siku moja hakusema kwamba alituonya. Ila alianza kuniuliza mambo. "Hivi adhuhuri nimeshaswali?" "Chumvi nimetia, au bado?" Alikuwa ameshaswali. Alikuwa ameshatia. Nami nilimjibu tu, sikumwambia kwa nini ameanza kujitilia shaka.

Ya kisima nina maelezo yake: mvua zilikuwa haba, na mti mkubwa ukiondoka ardhi hubadilika. Au wenyewe walihama kweli; siku hizi sibishi. Kisa hicho nimewasimulia wengi, na kila mara lawama namtwisha baba. Yale maneno yangu mbele ya bwana misitu huwa nayaruka. Leo nimeyasema, Bibi akiwa ameshazikwa, kwa watu ambao hata wakitaka hawawezi kunisamehe kwa niaba yake.