Bwawa Lisiloonekana kutoka Juu

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vyenye ncha. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya jiografia, na mtu aliyefundishwa kuitazama dunia kutoka mamia ya kilomita juu haoni sababu ya kununua viatu vya matope. Mkuu wa kituo chetu cha kufuatilia ukame pale Kitui, mama mfupi ambaye sote tulimwita Madam, alivitazama viatu kabla ya kunitazama mimi.

"Hizo ni za kazi ama ni za harusi?"

"Ni za kazi, Madam. Mimi ni wa setilaiti."

"Setilaiti haivai viatu. Wewe utavaa."

Akanionyesha gambuti kwenye kona, viatu virefu vya mpira, zilizoachwa na mtu aliyehamishwa. Zilikuwa kubwa kuliko miguu yangu. Nikaziburura Ukambani kwa miaka mingi.

Kwa nyinyi vijana ambao leo mnafungua picha za anga kwenye simu mkingojea chai, kazi yenyewe ilikuwa hivi. Setilaiti hupima mwanga unaorudi kutoka ardhini. Jani lenye afya hunyonya mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mwanga mwingine ambao jicho la binadamu haliuoni. Ukilinganisha hiyo miwili unapata kipimo cha ukijani, yaani namba inayokuambia kama mimea ya mahali inastawi au inakauka. Tuliziweka namba za mwezi huu kando ya zile za miaka iliyopita, kisha tukaandika taarifa ya ukame. Picha zetu za mwanzo zilikuwa butu. Kipande kimoja cha picha, tunachokiita pikseli, kilimeza soko la Kwa Vonza pamoja na mbuzi wake wote.

Ukimpelekea Madam ramani, hakuuliza umetumia programu gani. Aliuliza neno moja tu: "Umeikanyaga?" Alimaanisha kuhakiki ardhini, yaani kwenda kusimama mahali penyewe uone kama picha inasema kweli. Wakati mmoja nilimletea ramani iliyoonyesha upande wa Migwani umestawi vizuri. Sikuwa nimeikanyaga. Akanituma. Nilikuta vichaka vimejaa majani kwa sababu ya mvua moja iliyopotea njia, na mahindi yamekufa yakiwa urefu wa goti. Setilaiti haikudanganya. Iliona kijani, na hakuna aliyeiuliza kama kijani hicho kinaliwa.

Baadaye nilihamishiwa Wote, Makueni, kwenye mradi wa mabwawa ya mchanga uliohudumia kaunti zote mbili. Picha sasa zilikuwa kali, za pikseli ya mita kumi, na setilaiti ilipita kila baada ya siku chache. Bosi wangu mpya, Mratibu wa Mradi, alikuwa mdogo kwangu kwa umri na nadhifu kuliko mimi kwa kila kitu. Aliniita Mzee, nami nikajifanya kwamba ni heshima.

Bwawa la mchanga ni ukuta wa zege unaojengwa kukatiza mto wa msimu. Mvua ikinyesha, mto huteremsha mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanajificha katikati ya chembe zake. Jua haliyafikii, ng'ombe hawayachafui. Kiangazi watu huchimba kisima kifupi mchangani na kuchota.

"Mzee," Mratibu aliniambia, "awamu ya pili tunajenga pale mabwawa ya awamu ya kwanza yanafanya kazi. Sitaki siasa, sitaki chai ya chifu. Setilaiti iamue."

Lilikuwa wazo la haki, na niliheshimu haki yake. Maji hunyonya ule mwanga usioonekana, kwa hiyo kwenye picha yetu yalitokea meusi. Makao makuu wakatutumia kanuni: tafuta weusi nyuma ya kila ukuta wakati wa kiangazi, toa alama. Nikaiendesha. Bwawa moja la upande wa Migwani likaongoza. La Kanyangi likapata sufuri.

Nikaitazama ile sufuri. Bwawa la Migwani lilikuwa bichi. Mchanga haukuwa umefika bado, kwa hiyo lilikuwa dimbwi la vyura lililo wazi. La Kanyangi lilikuwa limejaa mchanga hadi ukingoni, kama linavyotakiwa. Kanuni yetu ilikuwa inayapa alama mabwawa yasiyokomaa na kuyanyima yaliyokomaa. Na kila mtu katika ofisi ile alikuwa mtoto wa Ukambani. Sote tulitumwa mtoni na mtungi, tukachimba mchanga kwa mikono hadi maji yakachuruzika. Kisha tukasoma, tukapewa viti vinavyozunguka, na tukaanza kutafuta maji juu ya mchanga.

Nilimweleza Mratibu. Alisikiliza hadi mwisho.

"Hata mimi nilichota, Mzee. Lakini siwezi kuandika kwa ripoti ati 'tulichota'. Orodha inaenda Nairobi mwisho wa mwezi. Niletee picha."

Nikaenda Kanyangi. Mwenyekiti wa mwethya, kikundi cha kazi za pamoja kilichobeba mawe ya ule ukuta, alikuwa Mama Mwende, mwanamke mwenye sauti ya kuongoza kwaya ya kanisa. Bwawa la pili lilikuwa lijengwe upande wa juu wa mto, karibu na familia ambazo punda wao walikuwa wakitoka alfajiri na kurudi na maji jua likiwa utosini. Binti yake mwenyewe alikuwa ameolewa huko. Nilimwambia ukweli wote: sufuri, kanuni, mwisho wa mwezi.

"Kwa hivyo hiyo kitu yenu haioni ndani ya mchanga?"

"Haioni, mwaitu," nikasema, nikimwita mama kwa Kikamba.

"Na inapita siku gani?"

Nikamwambia. Ilikuwa Alhamisi, kama saa nne na nusu asubuhi. Sikujiuliza kwa nini anataka kujua. Nilidhani ni kiu ya elimu.

Alhamisi hiyo nilirudi kuhakikisha vipimo vyangu vya mahali ukuta ulipo, na nikasikia nyimbo kabla sijaufikia mto. Mwethya nzima ilikuwa mtoni na majembe na makarai. Walikuwa wamefungua shimo nyuma ya ukuta, pana kama ukumbi wa kanisa, na maji yalikuwa yanameremeta chini.

"Mwaitu, mnafanya nini?"

"Tunaifungulia mlango. Si ulisema haioni ndani?"

"Lakini mkiacha wazi, jua litakunywa haya maji yote!"

"Sisi ni watoto? Tunafunika jioni. Wewe simama kando, usije ukaonekana kwa picha na hizo gambuti."

Wanawake walicheka hadi mmoja akaketi. Mimi nilikuwa nahesabu mambo mengine: ng'ombe waliokuwa wameshaanza kushuka kunywa, kingo za shimo zilizokuwa zinaporomoka, na maji ya miezi miwili mbele, wakati wa kiangazi kikali kuliko chote, yakipotelea hewani ili kuridhisha jedwali la ofisi yetu. Nikasema itabidi niandike kwenye ripoti kwamba shimo lilichimbwa makusudi. Mama Mwende akaniuliza kama nitaandika pia kwamba binti yake atafuata maji mbali hadi lini. Majembe hayakusimama.

Kilichoyasimamisha ni wingu. Msimu ule asubuhi za Kitui hufunikwa na wingu zito la kijivu, na siku hiyo lilikataa kuondoka. Saa nne na nusu ilifika, ikapita. Mama Mwende alitazama juu.

"Imepita?"

"Imepita."

"Imeona nini?"

"Wingu, mwaitu. Wingu tu."

Kisha mama mmoja akasema, "Basi turudishe mchanga, maana hata Mungu amefunga pazia," na wakaanza kufukia. Safari hii na mimi nilishika karai.

Adhuhuri walinipa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, pamoja na sukuma wiki changa, laini, isiyo na doa. Nilikula sahani ya pili ndipo akili ikanirudia. Ilikuwa katikati ya kiangazi.

"Hii sukuma imetoka wapi?"

"Hapo kando," akasema Mama Mwende, akinionyesha kwa kidevu. "Unafikiri ni wapi?"

Kando ya mto, nyuma ya uzio wa miiba, kulikuwa na bustani: sukuma, nyanya, nyasi za nepia. Nilizizunguka zote na kifaa cha kupima mahali, nikachukua mipaka yake. Kurudi Wote nilifungua picha za zamani, za kabla ya ukuta, na picha za kiangazi hicho za siku zisizo na wingu. Sikutafuta weusi tena. Nilitafuta kijani. Kabla ya ukuta kingo zilikuwa kavu sawa na vilima. Sasa palikuwa na utepe mwembamba ukitokea ukutani na kupanda na mto, na kwingine kote kumekauka. Kwenye dimbwi la Migwani hapakuwa na utepe wowote.

Mratibu aliivuta picha karibu. "Nitajuaje si vichaka?"

Nilisikia sauti yangu ikisema, "Umeikanyaga?"

Alikwenda kesho yake na viatu vyake vya ofisi. Alirudi na soksi zimelowa na mkungu wa ndizi, akabadilisha kanuni kwa kaunti zote mbili za mradi, na Kanyangi ikapanda kwenye orodha. Mwethya ilibeba mawe tena.

Mwaka jana nilistaafu mapema kwa hiari, maneno ambayo yakiandikwa na mwajiri huwa na hiari kidogo. Nina shamba dogo ambalo kwenye picha ni pikseli chache, na mke wangu huniuliza kama setilaiti imeona kwamba sijapalilia. Nikiulizwa na vijana ni nini nilijifunza, huwaambia wajue kwanza kitu wanachotafuta kinafananaje kinapokuwa kizuri, kisha ndipo wawashe kompyuta. Na wanunue gambuti za saizi yao.

Majuzi Mama Mwende alinipigia simu.

"Mwanangu, ile bwawa ya juu ya mto imejaa mchanga kabisa. Binti yangu anachota mlangoni. Hebu chungulia na hiyo kitu yako."

Nikafungua picha ya wiki hiyo, nikakuza hadi mwisho. Mto mkavu, mweupe, kutoka kona hadi kona.

"Hakuna maji yanayoonekana, mwaitu."

"Hata tone?"

"Hata tone."

"Asante Mungu," akasema, na akakata simu.