Gurudumu la Watu Wawili

Luhende ni mtani wangu, kwa hiyo nikimsema vibaya hapa asije mtu akanigombeza. Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe, yeye ni Mnyamwezi wa Tabora, na utani wetu haukuanza na sisi. Babu zake walibeba pembe mabegani hadi pwani, wakapita kwetu, na babu zangu wakawadai hongo ya njia. Mpaka leo nikimpelekea chai na chapati kibarazani kwake, hapa mtaa wa Mtendeni, Tabora, kisha nikanyoosha mkono kudai changu, huniangalia kwa chini na kusema, "Mzaramo, bado unatoza hongo tu? Msafara ulishapita."

Nami humjibu kwamba babu zake walikwenda na kurudi kwa miguu, na mizigo juu, ilhali yeye ana gia chungu nzima na hajafika popote.

Ndivyo tunavyoishi. Mume wangu alinileta huku na kazi ya reli, akafariki, akaniacha na meza ya chai kando ya kibaraza cha fundi baiskeli. Mwanangu Saidi hunipigia simu kutoka Dar kuniuliza narudi lini. Namwambia nikimaliza unga. Ukweli ni kwamba kule pwani hakuna tena mtu wa kunitukana kwa mapenzi, na mtu asiyetaniwa ni kama hayupo.

Luhende naye anakaa peke yake mtaa wa Ipuli. Mkewe alirudi kwao Nzega zamani, akisema hawezi kuishi na mwanamume anayeogesha baiskeli kabla hajaoga mwenyewe. Kwa hilo simlaumu mwanamke. Kutwa Luhende huziba pancha na kunyoosha rimu za wachoma mkaa na wauza maziwa, ila moyo wake uko kwenye baiskeli moja inayoning'inia ukutani nyuma yake: baiskeli ya resi, usukani umepinda chini kama pembe za beberu. Fremu aliipata mtumbani. Breki alizitoa kwenye baiskeli iliyokanyagwa na lori. Hakuna kitu kipya juu yake isipokuwa gololi na nyaya za breki. "Gololi na breki usizifanyie ubahili," huwaambia watu. "Kwingine kote bana matumizi."

Baiskeli ya pili ya aina hiyo ilikuwa Sikonge, kwa mfuga nyuki mmoja Mmoraviani aitwaye Yoramu. Walikutana kwenye mbio za Nane Nane. Vijana wa Mwanza waliwaacha wote wawili, wakafika mwisho kabisa pamoja, wakicheka. Hapo wakagundua kuwa wana ugonjwa mmoja na upungufu mmoja: gurudumu la nyuma. Ya kwao yalikuwa ya chuma, mazito, yenye gia moja tu. Gurudumu jepesi la aloi, lenye gia zake zote, lilikuwa nje ya uwezo wa kila mmoja. Basi wakachanga, wakanunua moja.

Gurudumu moja kwa watu wawili, tena mmoja Tabora na mwingine Sikonge! Niliposikia nilicheka hadi chai ikamwagika. Lakini walilipangia zamu, wiki mbili huku na wiki mbili kule. Siku ya kubadilishana ilikuwa Jumamosi. Konda wa basi la Sikonge alilifunga juu ya mizigo, na likirudi lilikuja na chupa ya asali katikati ya spoki.

Kasoro yake mnaiona. Watu wawili waliopatana hivyo hawakuweza kuendesha pamoja. Walijaribu mara moja, kutoka Tabora kwenda Sikonge. Walipokaribia Pangale, Yoramu, aliyekuwa na gurudumu la chuma zamu ile, alikuwa haonekani tena nyuma, na Luhende akakaa juani akimsubiri mpaka hamu ikamtoka. Tangu hapo wakakubaliana kwamba mwenye zamu apande kwa niaba ya wote wawili, kisha asimulie.

Yoramu alijua kusimulia. Jumapili jioni simu ilipolia, Luhende aliiweka sauti ya juu ili mikono iendelee na kazi, nami nikasikia yote. Leo kafika Tutuo. Upepo ulikuwa wa kifua. Ng'ombe walimzibia barabara. Luhende alitabasamu peke yake akisugua cheni kwa mafuta ya taa, na mimi, nisiyejua hata kupanda baiskeli, nikajikuta nauliza ng'ombe walikuwa wa nani.

Na gurudumu likirudi, Luhende aliwaonyesha wateja. "Njooni muone mtu anavyotunza chombo! Wiki mbili kwenye barabara ya Sikonge, tairi halina mkwaruzo. Nyinyi mnaniletea baiskeli kama zimetoka vitani."

"Mtani," nilimwambia siku moja, "hilo gurudumu linakwenda Sikonge kulala. Mimi sijui baiskeli, lakini najua sufuria lisilopikiwa."

"Nyamaza, Mzaramo. Sufuria lako mwenyewe hulijui, kila siku chai yako inanuka moshi."

Tukacheka, yakaisha.

Mwaka huu, baada ya mvua, nikamwona anahangaika na kitu kingine. Sokoni alipata gurudumu la aloi lililokunjika kama chapati iliyoungua. Rimu ilikufa, lakini kitovu chake, pale penye ekseli na gololi, kilikuwa kizima. Akakifungua, akakiosha, akakitia grisi. Rimu akaipata kwa mwendesha baiskeli mmoja wa Nzega aliyeacha mbio. Spoki zilizokuwepo zilikuwa ndefu mno, akazikata moja moja, akachonga upya kwenye ncha zake hesi za kushikia nati. Meno ya gia yalikuwa yamelika, hivyo akafungua seti mbili mbovu, akachukua makubwa ya hii na madogo ya ile, akapata seti moja nzima. Kisha kazi ya kunyoosha: gurudumu linazungushwa, chaki imeshikwa karibu na rimu, na panapoguswa na chaki ndipo panapoyumba, hapo spoki inakazwa au inalegezwa. Wateja walisubiri. Wengine walikwenda kwa mafundi wengine. Chai yangu ilipoa mbele yake.

"Unajenga nini, mtani? Harusi?"

Akaacha spana. "La Yoramu," akasema. "Kila mtu awe na lake. Nataka tupande wote wawili, bega kwa bega, kabla magoti hayajatukatalia. Mara moja tu, mama Saidi. Nimechoka kusimuliwa."

Akiniita mama Saidi ujue utani umewekwa kando. Nikamwombea.

Siku gurudumu lilipokamilika hakupiga simu. Alitaka kumshtukiza rafiki yake. Ilikuwa zamu yake, kwa hiyo lile la zamani alilivalisha kwenye baiskeli yake, jipya akajifunga mgongoni kwa mpira, akaondoka Jumapili alfajiri akielekea kusini. Nilimpigia kelele kuwa sasa amefanana na babu zake, mzigo mgongoni. Akainua mkono bila kugeuka, na nilifurahi kama ninayekwenda mimi.

Jumatatu alikuwa kibarazani kabla yangu. Magurudumu yote mawili yalikuwa yameegemezwa ukutani. Nikamwambia, "Mnyamwezi umerudi na mzigo wako? Pwani hawakununua pembe?"

Hakujibu.

Jumanne nikamtania tena, hakujibu. Jumatano aliweka hela ya chai mezani bila neno la hongo wala la msafara. Watani wakigombana watu hushangaa, lakini mtani asiyejibu anatisha zaidi. Nilihisi kibaraza kizima kimekuwa baridi. Niliogopa, na nasema wazi kwamba sehemu ya woga ule ilikuwa kwa ajili yangu mwenyewe.

Alhamisi nikachukua kigoda, nikakaa mbele yake, juu ya spana zake. "Leo sitoki. Sema."

Akasema. Nasimulia kama alivyonisimulia.

Alifika kwa Yoramu watu wakiwa wametoka kanisani. Yoramu alitoka mlangoni, amekonda, wakasalimiana Kinyamwezi, wakashikana mikono kwa muda mrefu. Luhende akavua gurudumu mgongoni. "Lete baiskeli tuivalishe," akamwambia. "Leo tunaondoka wote."

Yoramu hakusogea. Luhende akacheka, akaingia ndani kuichukua mwenyewe. Sebuleni hapakuwa na baiskeli. Palikuwa na viti, kalenda ya kanisa, na ukutani msumari mmoja mkubwa. Chini ya msumari, kwenye chokaa nyeupe, palikuwa na alama ya duara jeusi la tairi, limekolea kwa kuguswa mara nyingi pale pale.

"Baiskeli niliitoa kwenye sikukuu ya mavuno," Yoramu alisema nyuma yake. "Mwaka juzi. Daktari aliniambia moyo wangu hauwezi tena. Nikaona nikiiacha humu ndani nitaipanda, nikaipeleka kanisani, ikapigwa mnada. Mkulima mmoja wa tumbaku ameifunga keria, anabebea mahindi."

"Mwaka juzi," Luhende akasema.

"Mwaka juzi."

"Na Tutuo? Na wale ng'ombe?"

"Ng'ombe hupita hapa mlangoni." Yoramu akakaa. "Lilipofika nililitundika pale. Jioni nikalizungusha kwa mkono, nikasikiliza linavyolia. Ningekwambia, Luhende, usingelileta tena. Na wewe ungenitafuta kwa lipi?"

Luhende akatoka nje. Alijifunga gurudumu mgongoni, akapanda baiskeli, akarudi Tabora.

"Ulikunywa maji kwake?" nilimuuliza.

"Sikunywa."

"Hata maji!"

"Amenidanganya miaka miwili, mama Saidi. Nilikuwa nasafisha gurudumu la ukutani. Nimewatukana watu hapa kwa kuwatajia yeye." Akainua macho, na sijawahi kuyaona vile. "Hilo silo linaloniuma. Wiki zake, nikikaa hapa na baiskeli yangu ikining'inia ukutani, nilikuwa najiambia mwenzangu yuko barabarani. Na zamu yangu ilipofika nikapita porini peke yangu, pako kimya, nilijua wiki ijayo atapita mwingine. Kumbe hakuwepo mtu. Muda wote huo nilikuwa peke yangu."

Nilitaka kumwambia maneno makali, maana ninayo. Nikamwuliza moja tu. "Na yeye alikuwa na nani?"

Akafuta mikono kwa kitambaa cha grisi. Kisha akasema, "Njia ya mwongo fupi."

"Hii ilikuwa inafika Sikonge na kurudi. Wewe uliyezoea mbio, mwachie aimalize hiyo iliyombakia."

Akaniambia niondoke juu ya spana zake. Nikaondoka. Ijumaa ilipita bila salamu, kila mmoja kwenye kazi yake.

Jumamosi ilikuwa ya kubadilishana. Luhende alifika mapema, akageuza baiskeli ya mteja magurudumu juu, akajitia kazi. Yale mawili yaliegemea ukutani, la zamani na jipya, na nilikuwa nayatazama zaidi kuliko chapati. Akilizuia leo lile la zamani, nilijua hatapiga simu kesho, wala Yoramu hatathubutu, na wazee wawili watakaa hivyo kila mmoja na ukuta wake mpaka mmoja aletewe tanzia ya mwenzake. Nilijua pia kwamba mimi ndiye nitakayekaa kando yake.

Basi likasimama. Konda akaruka chini, injini ikinguruma.

"Shikamoo mzee. Leo kuna mzigo wa Sikonge?"

"Marahaba," Luhende akasema, akaendelea kukaza nati iliyokwisha kukazwa.

Konda akasubiri. Dereva akapiga honi. Konda akaniangalia mimi, nami nikaangalia kikaango. Akageuka kurudi mlangoni, mkono ukishika chuma.

"Ngoja," Luhende akasema.

Akaliendea lile la zamani. Akalifuta kwa kitambaa safi, siyo kile cha grisi. Akagusa spoki kwa kidole, akaikaza moja. Kisha akachukua pampu, akaanza kulijaza upepo, akabonyeza kwa gumba, akaongeza, akabonyeza, mpaka tairi likawa gumu la mtu anayekwenda safari ndefu. Dereva akapiga honi tena, na hakuna aliyemjali. Luhende akaliinua mwenyewe mpaka kwenye ngazi ya basi.

"Taratibu na spoki hizo," akamwambia konda. "Mwenyewe ana macho."

Konda akalipokea, akalizungusha kidogo. "Huyu mzee Yoramu bado anakimbia tu? Juzi nilimwona, amekonda sana."

Nikaacha chapati iungue.

"Anakimbia," Luhende akasema. "Mbio ndizo zimemkondesha. Siku hizi hata mimi simuwezi."

Basi likaondoka. Alibaki barabarani na pampu mkononi, akiliangalia mpaka likapotea upande wa kusini, na siku hiyo sikumtania.