Kilo Kumi na Nne za Muhiddin

Muhiddin alikuwa na mikono. Kila aliyewahi kula halwa ya Mtaa wa Sikukuu pale Kariakoo aliijua kazi ya mikono ile, hata kama hakumjua mwenyewe. Alisimama nyuma ya duka mbele ya sufuria kubwa la shaba, akakoroga wanga na sukari kwa mwiko mrefu kumpita, saa mbili na zaidi bila kupumzika, maana halwa ukiigeuzia mgongo kidogo tu inashika chini na kuungua. Kaka yake, Hamud, alikaa mbele akipima, akifunga na kucheka na wateja. Wote wawili walikuwa wanene, wanene wa samli, na kwa miaka mingi unene wao haukumkera mtu.

Mambo yalianza kuharibika mwaka lilipofunguliwa soko jipya. Hamud alikuwa anahema akipanda ngazi mbili tu, akaenda kwa daktari, akarudi na chupa ya vidonge vya kupunguza mwili. Miezi mitatu haikuisha, mashati yakaanza kumpwaya. Wanawake wa mtaani wakawa wanamtania kwamba anatafuta mke wa pili. Na Badriya, mke wa Muhiddin, ambaye hajui kumung'unya maneno, akasema wakiwa mkekani wanakula:

"Shemeji amekuwa kijana. Wallahi jana nimepishana naye nisimtambue."

Muhiddin alilirudisha tonge sahanini. Tuseme kweli, wivu ulimpanda mpaka masikio yakawaka moto. Yeye ndiye aliyetoka jasho miaka ishirini, halafu sifa apewe mtu aliyekaa kitini akameza kidonge!

Kesho yake alimwuliza kaka yake, na Hamud hakumficha kitu.

"Nenda kwa daktari yule yule, mdogo wangu. Lakini nisikilize. Vidonge vinakata hamu ya kula, basi. Ukikaa bure bila kula cha maana, mwili unapunguza mafuta na nyama yako pamoja. Mimi nimeambiwa nile samaki na maharage hata kama sina hamu, nitembee, nifanye kazi ya nguvu. Kwa hiyo wewe usiuache mwiko. Na mimi nigawie zamu."

Muhiddin aliitikia kwa kichwa, moyoni anacheka. Usiuache mwiko! Kumbe kaka mjanja hivi? Anataka mimi nibaki kwenye moshi, yeye aendelee kuitwa kijana. Kama kukoroga kunakondesha, mimi si ningekuwa njiti zamani? Hesabu yake ilikuwa imekaa sawa kabisa, na ndiyo iliyomponza. Hata daktari alipomweleza maneno yale yale, neno kwa neno, Muhiddin aliona tu kwamba Hamud keshampitia kumfundisha la kusema.

Basi akameza. Hamu ya kula ikamtoka kama alivyoahidiwa. Akawa anashinda na chai ya rangi isiyo na sukari, mchana kutwa kajilaza ili dawa ifanye kazi kwa utulivu. Kaka kaomba zamu? Apewe! Akampa zamu moja, kisha mbili, mwishowe zote. Hamud naye kila alfajiri alikwenda kwa miguu hadi Magogoni kununua samaki, akarudi na kapu begani, akavua shati na kushika mwiko. Jirani mmoja alishika kaunta.

Kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini ndugu hawa walipita kwa Pantaleo, mtu wa Masasi aliyekuwa akipima magunia kwenye ghala moja karibu na soko, wakapanda juu ya mizani yake. Siku moja Hamud alikuwa amepungua kilo kumi na moja. Akapanda Muhiddin: kumi na nne!

"Zimetoka kweli, Bwana Muhiddin," Pantaleo alisema. "Lakini mbona leo umenishika bega ndiyo ukaweza kushuka?"

Muhiddin hakulisikia hilo. Alisikia kumi na nne. Kufika saa ya chakula mtaa mzima ulikuwa umeshapewa habari, na Badriya aliambiwa mara tatu.

Wiki ile ile Mzee Awadhi alikuja kuagiza halwa ya arusi ya binti yake Zamzam. "Nataka aikoroge Muhiddin," alisema mbele ya Hamud, na Muhiddin akajiona ameshamaliza mchezo: wembamba wake, na sufuria lake pia.

Siku ya kupika alifunga kikoi chake, kikamzunguka mara mbili. Nusu saa ya kwanza halwa ni maji, mtoto naye anaweza. Ilipoanza kukaza, mwiko ukawa mzito. Akauvuta kwa mkono wa kulia, ukasogea. Wa kushoto, ukasimama. Akaushika kwa mikono yote miwili, haukuondoka. Akauegemea kwa kifua. Harufu ya kuungua ikapanda, na Mzee Awadhi, aliyekuwa amekaa mlangoni, akainua pua.

Hamud alikuja mbio, akampokonya mwiko. Sufuria lile lilikuwa limeshaharibika. Likamwagwa, likasuguliwa, wakaanza upya. Muhiddin alikaa juu ya gunia tupu, akaitazama mikono ya kaka yake ikienda na kurudi bila pupa. Mzee Awadhi alipotoka, Muhiddin akasema kwa sauti ndogo:

"Nilidhani unanidanganya. Ulivyosema nisiuache mwiko, nilidhani unataka niendelee kuwa punda wako."

Hamud hakuacha kukoroga.

"Mimi nikudanganye? Tangu baba yuko hai nilitaka kushika sufuria hili. Alinijaribu mara moja, akaniweka kaunta, akakuchagua wewe. Miaka ishirini, Muhiddin, nimekaa pale mbele nakuonea wivu mikono yako."

Muhiddin aliutazama mwiko. Maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anaonewa wivu. Akajaribu kusimama ili amwambie kaka yake ampishe kwenye sufuria, ikabidi kwanza atafute ukuta wa kushika.