Charahani za Ijumaa

Bi Khamisa wa Ibra, Oman, ana miaka sabini na minane, magoti mawili yanayomgombeza, na siri moja iliyomkaa kifuani tangu hajaota mvi. Siri mbaya humnyong'onyeza mtu. Ya Bi Khamisa nzuri, basi inamtekenya, akawa anacheka peke yake jikoni mpaka mkwewe Basma akaanza kumsomea dua.

Siri yenyewe hii. Kila mwaka, Ijumaa moja, saa sita na nusu mchana, wakati wanaume wote wako msikitini na wanawake wamezama kwenye masufuria, Bi Khamisa hutoka na toroli la majani ya mbuzi wake. Chini ya majani imelala charahani mpya. Huitua mlangoni kwa binti aliyejifunza kushona na hana cha kununulia yake, akabisha hodi, akatimua mbio. Mbio za mwenye magoti yale unazijua, lakini hajakamatwa hata mara moja.

Hakuibuni yeye kazi hii. Alikuwa kigori wa miaka kumi na sita, yatima, huko Unguja mjini, alipofungua mlango Ijumaa mchana akakuta charahani kizingitini. Mtaa mzima ulijua imetoka kwa nani. Bwana Musa Halfon alikuwa Myahudi, kaja kutoka Aden na mkoba mmoja, akachuuza nyuzi na vifungo nyumba kwa nyumba mpaka akafungua duka kubwa la charahani. Saa ile kila mwanamume alikuwa msikitini. Asiyekuwa na Ijumaa mtaani pale ni yeye peke yake! Lakini uthubutu kumshukuru, akikujia juu: "Mimi? Mimi nauza charahani, sigawi! Unataka kunifilisi?" Watu wakanyamaza, wakampenda hivyo hivyo. Yalipokuja ya sitini na nne, yeye na wanawe wakaondoka. Baadaye Khamisa naye akaja Oman, charahani yake kaipakata kama mtoto.

Sasa juzijuzi, Jumanne moja, simu ikalia. "Shikamoo, Bi Khamisa. Mimi Simha, mjukuu wa Musa Halfon. Niko Maskati, Wazanzibari wenzenu wamenipa namba yako."

Bi Khamisa akakaa chini bila kuangalia kama pana kiti. Alasiri ile ile mgeni akafika: bibi wa miaka sabini, mkazi wa London, nywele nyeupe pe, na Kiswahili cha mtoto wa miaka minane, maana ndio umri aliotoka nao Unguja. Akapewa halwa na kahawa, akaonyeshwa mpaka zizi la mbuzi.

"Naandika kitabu cha babu," Simha akasema. "Unguja nimekwenda, wazee wamenisimulia charahani zake za Ijumaa, lakini duka limekuwa hoteli. Kaka zangu wanasema nimalizie hapo, niandike kazi ya babu iliishia pale."

"Iliishia pale!" Bi Khamisa akamaka. Raha yote ikamtumbukia nyongo. Akisema, kavunja sharti la mzee la kutoa kwa siri, na mabinti wote watajiona wa kupewa, wawe wanamwinamia kila wakimwona. Asiposema, mjukuu wa Musa Halfon atapanda ndege Jumamosi na kitabu chenye uongo.

"Kesho nikupeleke sokoni," akasema.

Soko la Jumatano la Ibra ni la wanawake watupu. Mwanamume hata awe waziri abaki nje. Dereva wa Simha akaachwa garini, mabibi wawili wakaingia wameshikana mikono. Simha akavutwa na washonaji moja kwa moja, damu ya babu hiyo. Akamwuliza wa kwanza, Mazoon, aliyehamia Ibra kutoka mji wa Mudhaibi, charahani nzuri hii kaipata wapi. Mazoon akajibu kwa Kiarabu, kirefu, mikono inapaa juu.

"Anasema kanunua Maskati," Bi Khamisa akafasiri, jicho kavu.

"Yote yale ni 'nimenunua Maskati'?"

"Watu wa Mudhaibi wanapenda kurefusha."

Wa pili, Wadha, naye akaeleza mpaka akashika kifua. "Kairithi kwa marehemu mama yake," Bi Khamisa akasema, na mama mwenyewe alikuwa hatua tatu pale anauza ubani, mzima wa afya. Astaghfirullah, uzee na uongo!

Wa tatu, Raghad, hakungoja mfasiri, maana kalelewa na bibi wa Pemba. "Hii niliikuta mlangoni, bibi. Siku ya Ijumaa. Na Mazoon vile vile, na Wadha vile vile. Wengine wanasema serikali, wengine wanasema malaika. Mimi najua tu aliyeileta kaniachia majani ya mbuzi kizingitini."

Simha akageuka polepole. Bi Khamisa kajiinamia kwenye vifungo vya kibanda cha jirani, anachagua utasema anaolewa kesho.

"Bi Khamisa," Simha akasema. "Mbuzi wako hawajambo?"

Bi Khamisa akajaribu kukunja uso, uso ukakataa. Kicheko kikamtoka, na Simha akadakia, wakashikana mabega huku wanacheka na kulia, mpaka Raghad akawaletea maji.

"Usiniandike, tafadhali," Bi Khamisa akamnong'oneza.

"Sikuandiki. Lakini ule mstari wa mwisho naufuta."

Ijumaa, saa sita na nusu, toroli lilisukumwa na Simha, maana magoti ya mwenzake yalikuwa yamegoma. Wakatua mzigo, wakabisha, wakajibanza nyuma ya ukuta wa tope. Mlango ukafunguka. Halafu ukelele, "Mama! Mama, njoo uone!" na vigelegele vikafuata kutoka ndani.

Simha akaganda pale pale, machozi yanamtiririka.

"Babu alikuwa anasikia hivi," akasema. "Kila mara alikuwa anasikia hivi, na hakutwambia."

"Na mwakani uje usikie tena," Bi Khamisa akamvuta mkono. "Sasa kimbia, mwanamke weye, wanatoka!"