Jicho la Kushoto la Mama wa Ngungu

Nilikuwa fundi wa kusafisha sura. Pale Mubi, mji wa machimbo ya madini, katika ile miaka ya vita, watu walitoka machimboni na vumbi hadi kwenye kope, wakapanga mstari mbele ya studio yangu. Niliwapiga picha, nikawaingiza kwenye kompyuta, nikawatoa wapya. Chunusi niliondoa, kovu niliondoa. Aliyetaka kusimama mbele ya nyumba ya ghorofa nilimsimamisha, ingawa nyuma yake palikuwa na shuka langu la kijani lililotobolewa na panya. Nilikuwa nimetoka Butembo na kompyuta moja na majivuno mengi, na sikuwahi kumwuliza mteja kama anataka kusafishwa. Nani angependa kubaki alivyo?

Mteja wangu mmoja, mwendesha pikipiki mwenye mke na watoto, alimleta mama yake mzazi aliyekuja kumtembelea kutoka Ngungu, huko Masisi ya kusini, alikokuwa akilima maharagwe. Jicho la kushoto la yule mama lilikuwa na ukungu mweupe wa miaka mingi. Nilimpiga picha ya uso, akakaa wima na kunitazama kana kwamba mimi ndiye ninayepigwa. Siku hiyo jenereta ilikuwa imegoma, kwa hiyo alirudi kwake Ngungu bila kuiona picha yake.

Juma lililofuata niliifanyia kazi. Nilichukua jicho la kulia, nikaligeuza, nikalibandika upande wa kushoto, kisha nikalainisha kingo hadi usione pa kuungana. Nikahifadhi kazi yangu juu ya picha ya asili, kwa maana nafasi ilikuwa ndogo na ile ya zamani niliiona haina faida tena. Mwanawe alipoipokea alipiga makofi.

"Kaka, umemuponya mama!"

Aliitundika ukutani kwake, na nyingine nikamwekea kwenye simu. Nilitembea siku nzima kichwa juu.

Kisha vita vikafika Ngungu. Watu waliteremka mbio hadi Shasha, kando ya ziwa. Majirani wa yule mama walipiga simu kusema kwamba walikimbia naye, wakapoteana naye njiani kwenye mvua. Barabara ilikuwa imefungwa, mwanawe hakuweza kwenda. Alituma ile picha ya kwenye simu kwa wenzake wa pikipiki na kwa madereva wa malori, ikapita simu kwa simu hadi ikafika Shasha, kwa mama mmoja wa parokia aliyepokea wakimbizi. Jibu likarudi fupi: "Tuliangalia. Mama haiko hapa."

Ndipo mwanawe alipokuja kwangu. Alikuwa amekonda. Aliniomba nitoe picha ishirini kubwa ili madereva wazibandike kwenye malori yao kila njia itakapofunguliwa. Nikaifungua ile picha kwenye kompyuta, nikaikuza. Mlango wa studio ulikuwa kulia kwa yule mama siku ile, na nuru yake ilipaswa kung'aa upande mmoja wa macho yote mawili. Katika jicho la kushoto iling'aa upande mwingine. Lilikuwa jicho langu, nililolibandika mimi.

Sitaficha: nilifikiri kunyamaza. Ningetoa zile ishirini, ningepokea asante yangu. Lakini mtu alikuwa ameketi mbele yangu akimtafuta mama yake kwa uso ambao mama yake hana. Nikamwambia. Nikangoja anitukane, na matusi yangenipa nafuu.

"Ata miye nilisahau, kaka," alisema hatimaye. "Kila siku naangalia ile ya ukuta. Nilisahau jicho ya mama yangu."

Nilitafuta picha ya asili kwenye kadi ya kamera. Ilikwisha kufutwa, juu yake palikuwa na harusi na ubatizo. Hapakuwa na njia ila kulichora upya lile jicho, na aliyelijua alikuwa yeye peke yake. Alivuta kasha la bia, akaketi karibu yangu. Nilipaka weupe, akasema umezidi. Nikaupunguza, akasema kope ya upande ule inalala kidogo. Nikailaza.

"Hapana, hiyo inatisha," alisema. "Jicho ya mama haitishi."

Tulianza tena. Mara akafumba macho yake mwenyewe ili amwone vizuri, mara akajifuta machozi kwa mkono wa shati na kuninyooshea kidole mahali nilipokosea. Kufika saa tisa alasiri aliacha kunisahihisha, akalishika bega langu. Nikaondoa mkono kwenye kompyuta, nisije nikaharibu. Picha ya kwenda Shasha ilitumwa nusu, ikakwama, tukaituma tena, ikaenda.

Kesho yake asubuhi aliingia studio akikimbia, simu mkononi, sauti imefunguliwa. Yule mama wa parokia alikuwa anapaza sauti kutoka Shasha.

"Ni yeye! Iko hapa, anakula vizuri, hana kidonda!"

Nilikaa chini sakafuni. Mungu wangu, nilisema, na nikasema tena. Sikumbuki kama nimewahi kupumua vile.

"Tangu alifika hajasema neno, ni woga," aliendelea yule mama wa parokia. "Picha ya kwanza nilimuonyesha yeye mwenyewe. Aliangalia sana, akatikisa kichwa, akanirudishia simu. Njo maana nikawajibu haiko hapa. Leo nimemuonyesha hii ingine, akaweka kidole kwa jicho, akaanza kucheka. Ngojeni, nimupe simu."

Tulisikia kuku, watoto, upepo wa ziwa. Mwanawe aliita mara moja tu, "Mama?"

Kisha sauti ya uzee, yenye mikwaruzo, ya mtu aliyekwisha kukasirika tangu juzi:

"Ile picha ya kwanza, ulikuwa unatafuta mama ya nani?"