Siku Mtaa Ulipomlilia Mfungwa

Kwa majuma mengi nilikuwa naamka na kushika simu kabla hata ya kunawa uso. Sikuwa natafuta habari za dunia. Nilikuwa nafungua ukurasa wa polisi wa mji wetu, kwa sababu mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, alikuwa amekamatwa kwa wizi wa waya wa umeme kwenye mgodi mmoja, na siku hizi mtu akishahukumiwa, picha yake inapandishwa mtandaoni kabla hajaonja maharage ya gereza.

Ukurasa huo kila mtu wa mji wetu wa Kolwezi, huku Kongo, anaujua. Waliohukumiwa wanasimamishwa mbele ya ukuta, uso mbele, na kile walichoiba mikononi: pampu, mfuko wa madini, betri ya gari. Chini yake kuna maandishi ya Kifaransa yanayosema kosa na adhabu. Halafu wananchi wanaanza kazi yao. Mmoja anacheka suruali ya mfungwa, mwingine anatafuta kabila lake kwenye pua yake, wa tatu anasema arudishwe kwao. Babu yetu aliletwa kutoka Kasai kwa treni kuja kuchimba shaba, na sisi wote tulizaliwa hapa hapa, mtaa wa Dilala. Sijui hao watu wangeturudisha wapi.

Nina kibanda cha fotokopi mtaa wa Manika, karibu na ofisi za serikali. Wateja wangu wakisubiri karatasi zao hawakai kimya. Wanafungua ukurasa ule na kusomeana maoni kwa sauti, wakicheka. Hujafa hujaumbika, wahenga walisema, ila wahenga hawakuwa na simu. Mimi nilikuwa nageuza karatasi kwenye mashine, mgongo wangu kwao, nikingoja siku nitakaposikia wakielezana sura ninayoijua.

Nikisema kweli, sikumwogopea sana mdogo wangu. Alikuwa ameiba, alikiri, na nilikuwa nimemkasirikia. Niliyemwogopea ni mama. Mama ana presha. Anaishi Dilala katika nyumba ya kampuni aliyoiacha baba, na baba alifanya kazi ya mgodi maisha yake yote bila kuleta nyumbani hata msumari usio wake. Mama alikuwa akilitaja jambo hilo kila alipopata mgeni. Mwaka uliotangulia alianguka jikoni kwa sababu tu ya habari mbaya ya simu, na daktari akatuonya kwamba tukimshtua tena, tusimtafute yeye, tumtafute padri.

Kwa hiyo mama mdogo, yaani mdogo wake mama, alituita akakata shauri.

"Mama yenu iko na tension," alisema. "Mukimwambia, njo mutamuzika. Museme mutoto alienda kutumika kule Fungurume, mu kambi ya bachimbaji. Réseau haiko, telefone haipite kule."

Tukasema hivyo, kwa mama na kwa mtaa mzima. Nilipokwenda kumsalimu, mama aliniuliza swali lile lile: "Anakula?" Nami nikajibu, "Anakula," na haikuwa uongo, maana bukari yake, yaani ugali, nilikuwa naipeleka mwenyewe gerezani siku za kutembelea wafungwa. Lakini mama alijua machimbo yanavyoua. Kila jioni alipiga magoti akamwomba Mungu auzuie udongo usimwangukie mwanawe. Tulikuwa tumemwondolea hofu moja tukampa nyingine, na hiyo ya pili alikuwa anaibeba peke yake.

Picha ilitoka asubuhi moja kibanda kikiwa kimejaa watu. Karani mmoja, mteja wangu wa kila siku, aliinua simu yake juu.

"Muangalie huyu," alisema. "Anashika kamba ya courant sawa mutoto ya wenyewe."

Watu wakacheka. Nilichungulia juu ya bega lake. Ni kweli, mdogo wangu alikuwa ameukumbatia ule waya kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani amshike kidogo. Amekonda. Shati lilikuwa la kwangu, nililompelekea nikasahau. Niliwaambia wateja kwamba umeme umekatika, wakati taa inawaka juu ya vichwa vyao, nikafunga mlango nao wakiwa bado wanaduwaa.

Nilipanda pikipiki ya kwanza iliyosimama. Nilimwambia dereva akimbie, halafu nikamwambia asikimbie sana, halafu akimbie. Aliniuliza kama ninaumwa. Njiani simu ilikuwa inatetemeka mfukoni bila kupumzika. Niliitoa mara moja tu. Kwenye kundi la kwaya ya parokia yetu picha ilikuwa imeshafika, lakini maandishi ya Kifaransa yalikuwa yamekatwa. Mahali pake mtu ameweka mikono inayosali na maneno mawili: Courage mama. Nadhani ni mtu mwenye roho nzuri, aliyemhurumia mama yetu. Roho nzuri za watu zimenitesa kuliko roho mbaya. Nilichofahamu wakati ule ni kwamba picha inakimbia kuliko pikipiki yangu, na kwamba mama hana simu ya picha, lakini majirani wanazo.

Tulipoingia barabara yetu nikaona viti.

Viti vya sebuleni kwetu, vile vikubwa vya mto mwekundu, vilikuwa uani kwenye jua. Mtu wa kwetu akiona viti vya ndani vimetolewa nje, haulizi. Ndani watu wamekaa chini, kuna kilio. Wanaume wawili walikuwa wanapanga magogo ya moto. Sikushuka kwenye pikipiki. Nikajiambia, tayari, wamemwonyesha na moyo umesimama. Nimechelewa. Mama amekufa kwa sababu ya picha.

Jirani anayeuza makaa alikuja akinikimbilia, mikono imeenea, akanikumbatia mpaka masizi yake yakabaki kwenye blauzi yangu.

"Kuraji, dada," alisema akilia. "Udongo haina huruma."

"Udongo gani?" niliuliza.

"Ile ilimufunika ndugu yako kule Fungurume. Picha ilifika mu groupe yetu ya maombi."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu uso wa mtu ukikufikia kwenye simu na mikono inayosali na neno courage, huyo amekufa; ndivyo tunavyotangaziana misiba, na hakuna anayetafuta maandishi mengine. Yule jirani alikuwa amemtambua kijana, akakumbuka kwamba yuko machimboni, akapiga yowe. Waya aliokumbatia? Waliona ni kifaa chake cha kazi. Tulikuwa tumewapa watu kila kitu cha msiba isipokuwa maiti.

Mama alikuwa hai basi. Nilipata nafuu, ikadumu kwa pumzi moja. Mama mdogo alinishika mkono akanivuta nyuma ya jiko. Macho yake yalikuwa makavu kabisa.

"Uache balie," alininong'oneza. "Kufwa haina haya."

"Na mama je?"

"Tutamwambia yeye peke yake, batu bakisharudi kwabo."

"Batu habarudi ku kilio, mama mdogo. Balalaka hapa hapa. Na yeye bakimufungula ku buloko, atakuja hapa sawa Lazaro?"

"Miaka mbili ile balimupa ni mingi," alisema, na alikuwa anasema kwa dhati. "Umuone kwanza vile dada yangu iko. Ukiongeza wizi pale juu, moyo itapasuka."

Nilimchukia kwa dakika ile, hasa kwa sababu maneno yake yaliniingia. Kifo kingetuletea unga, nyimbo na watu wa parokia. Ukweli ungetuletea nini? Lakini mle ndani mwanamke mwenye presha alikuwa anamlilia mtoto ambaye juzi tu nilimwona akilamba vidole. Kila dawa ilikuwa sumu. Nilibaki nimeshika ukuta wa jiko, nikijua kwamba nikisema naweza kumuua, na nikinyamaza naweza kumuua.

Niliingia. Mama alikuwa ameketi kwenye godoro sakafuni, miguu ameinyoosha, kitambaa cha kichwa kimeondolewa, wanawake wa kwaya wamemzunguka wakiimba. Hakuwa analia. Alikuwa anauliza swali moja, mtu baada ya mtu: "Iko ku morgue gani? Nani alimuosha?" Mshipa wa shingo yake ulikuwa unapiga, nami sikuweza kuutazama wala kuacha kuutazama.

Nilipiga magoti nikamwambia sikioni kwamba hakufa. Hakunisikia. Mwanamke mmoja akanigonga bega: "Umuache alie, njo dawa." Nikasema tena, kwa nguvu kidogo. Wimbo ukawa mkubwa zaidi. Basi nikapaza sauti, na kwa bahati yangu mbaya ubeti uliisha pale pale.

"Mama, iko buloko. Aliiba."

Neno hilo lilitembea chumba kizima. Nilisikia mtu akivuta pumzi nyuma yangu. Aibu niliyoificha majuma yote yale ilikuwa imeketi katikati ya kwaya, na mimi ndiye niliyeikaribisha.

Mama alinigeukia polepole. "Nani aliiba?"

"Mutoto yako. Kamba ya courant. Balimuhukumu."

"Anapumua?"

"Anapumua."

"Ulimuona na macho?"

"Juzi nilimupelekea bukari. Alikula yote."

"Nionyeshe."

Nilitoa simu. Nikafungua picha ya mtu mwingine kwanza, mwizi wa betri, nikaifunga haraka. Nilipompa ile yenyewe nilimshika mkono wa pili, kwenye mapigo, tayari kumlaza chini. Mama alipangusa kioo kwa pindo la kitenge, akatazama. Alitazama kwa muda mrefu mpaka kioo kikazimika, nikakiwasha tena.

"Alikonda," alisema.

Kisha akainuka bila kusaidiwa na mtu. Alikwenda na simu yangu mpaka kwa yule muuza makaa, akamwekea picha usoni.

"Mutazame. Mutoto wangu iko mwizi."

Alisema kwa sauti ya mama anayetaja uzito wa mtoto aliyezaliwa. Akaenda kwa mwingine. "Mutazame. Haiko maiti, iko mwizi." Mwanamke kwa mwanamke, godoro kwa mkeka, hakuruka mtu. Alitoka mpaka kwa wanaume wa moto akawaonyesha na wao. Mmoja alianza kusoma maandishi kwa sauti, miaka miwili, wizi wa nini na nini, naye mama akawa anaitikia kwa kichwa kila neno, kama anasomewa barua nzuri. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilikuwa na furaha, ndiyo, lakini nilikuwa na hasira naye pia. Picha niliyokimbia nayo mbio nusu ya mji ili asiione, sasa yeye ndiye anayeitembeza.

Watu waliondoka upesi. Wangelala kwenye sakafu yetu siku kadhaa kwa ajili ya maiti, lakini kwa ajili ya mwizi hawakuweza kumaliza hata chai. Siwalaumu sana. Huwezi kumpongeza mtu wala kumpa pole. Mwanamke mmoja aliyeleta unga wa kilio alifika mlangoni, akasimama, akarudi akauchukua unga wake. Mama mdogo aliviingiza viti ndani kimoja kimoja, na hakunisemesha.

Mama ndiye aliyetusemesha sote wawili, uani palipokuwa peupe. "Muliniacha naombea udongo," alisema, "na udongo haikukuwako. Maombi yangu yote mulinitupisha bure." Tulimpa dawa yake akaimeza huku akitutazama kwa jicho baya. Usiku huo sikulala kwangu, nilibaki pale nikisikiliza pumzi zake.

Siku ya kutembelea wafungwa alitaka kwenda mwenyewe. Nilimwomba apumzike, akaniuliza kama mimi ndiye niliyezaa. Alipika bukari na samaki, akafunga sufuria kwa kitenge, akakaa nyuma ya dereva wa pikipiki na mimi nyuma yake nimemshikilia.

Walipomleta mdogo wangu, alinitafuta mimi kwanza, kama kawaida. Halafu akamwona aliyesimama kando yangu. Alifunika uso kwa mikono yote miwili, akageukia ukuta. Tangu akamatwe, aliniomba kitu kimoja tu: mama asijue, na mtaa usijue.

"Nani alikuambia?" aliuliza, uso bado ukutani.

"Nilikuona mu telefone," mama alisema. Alikuwa anafungua fundo la kitenge.

Aliuliza tena bila kugeuka: "Na batu ya ku mutaa? Balinionaka?"

Mama alimshika kiganja, akakivuta kutoka usoni, kisha cha pili, akaanza kuvimiminia maji kutoka kwenye chupa.

"Bote," alisema. "Mi njo nilibaonyesha. Nawa, ukule."