Mume Aliyetolewa Uovu

Keturah Tromans alikuwa mfua misumari wa Cradley, mji wa makaa na chuma huko Uingereza, kama mama yake na kama kila mwanamke wa uchochoro ule, ambako nyuma ya kila nyumba palikuwa na kibanda cha moto na fuawe. Alifua akiwa na mimba, alifua akiwa ananyonyesha, na cheche zilikuwa zimemchora mikono mpaka viwikoni. Chuma kilimtii. Mumewe ndiye aliyemshinda.

Josiah Tromans alichimba makaa ya mawe wiki nzima. Jumamosi alikunywa bia mpaka macho yakabadilika rangi, kisha akarudi nyumbani kumpiga mkewe. Tuseme ukweli: alikuwa mpigaji hodari kwa nia tu. Nusu ya ngumi zake zilikwenda ukutani. Alishamng'oa Keturah meno mawili, lakini pia aliwahi kulivunjavunja kabati akidhani ni yeye. Jumapili akawaomba radhi wote wawili, mke na kabati, akilia kamasi.

Mtaa nao ulikuwa na dawa yake. Mume akizidisha, wanawake walitoka na masufuria, mifuniko na koleo za moto, wakajipanga mlangoni pake, wakagonga na kumtukana mpaka mbwa wa Dudley, mji wa jirani, wakaitikia. Josiah alishagongewa. Baada ya kugongewa alinyooka majira mazima, akawa anapita pembezoni mwa ukuta kama paka aliyeiba samaki. Halafu kiu ikamrudia.

Jumamosi aliyomvunja mbavu, Keturah aliamua imetosha. Alikuwa amesikia habari za Daktari Septimus Averill, bwana mwenye ndevu za kuchana na nyumba ya ghorofa, aliyegundua kwamba ndani ya binadamu mna wapangaji wawili, mwema na mwovu, na kwamba kwa umeme unaweza kumfukuza yule mwovu bila hata notisi. Waungwana walimpigia makofi. Ni waungwana walewale waliomiliki machimbo ambamo watu walifukiwa wazima, lakini huko uovu haukutafutwa. Ulitafutwa kwa wachimbaji. Keturah akangoja Jumapili, Josiah akiwa katikati ya kuomba radhi, akampeleka.

"Itauma?" Josiah aliuliza, akiwa amefungwa mikanda kitini, kofia ya shaba kichwani.

"Kama jino," alisema daktari.

"Jino la nani?"

Daktari akazungusha gurudumu. Josiah alipinda mgongo, akauma ulimi, damu ikamchirizika kidevuni, akaunguruma sauti ambayo Keturah aliijua vizuri, ya Jumamosi. Kwenye mrija uliotoka kofiani kitu cheusi kikashuka tone kwa tone mpaka chupani. Daktari alipoziba, kile kitu kikaanza kugonga kizibo kutoka ndani.

"Mama," alisema daktari akijifuta jasho, "mchukue mumeo. Hana tena hata punje."

Na kweli hakuwa nayo. Josiah aliacha bia. Alijiunga na Wamethodisti, akaimba besi, akambebea Keturah ndoo za maji. Keturah alilia kwenye moto wake kwa furaha, akachoma misumari mingi bure.

Kisha siku moja, wakati wa sala ya chakula, paka aliteleza kutoka dirishani akaangukia bakuli la njegere, na Keturah akacheka.

Josiah alimaliza sala. Akasema amina. Akavua koti, akalikunja vizuri, akapandisha mikono ya shati.

"Mke wangu mpenzi," alisema, macho yamejaa huruma, "umecheka mbele za Mungu."

"Nimemcheka paka, jamani!"

"Najua. Ndiyo maana moyo unaniuma."

Akampiga. Hakukosa hata ngumi moja. Hakuyumba, hakutukana, hakuchoka. Kumbe miaka yote ile hasira ndiyo iliyokuwa ikimchosha. Alimpiga tumboni, akamwinua kwa upole, akampiga mdomoni. Mbavu zilizokuwa zimeanza kuunga zikaachana tena, na Keturah akazisikia. Alipomaliza alimfuta damu kwa kitambaa safi, akamsomea Zaburi.

Kesho yake kosa lilikuwa chumvi. Keshokutwa, kiburi.

Keturah akajikokota hadi kwa Leah Bissell, jirani yake, aliyekuwa kinara wa masufuria.

"Shoga, waite wenzio. Ananiua."

"Nani, Josiah?" Leah akaacha kufua. "Huyu wa kanisani? Amekunywa?"

"Hata tone."

"Sasa tutamgongea nini, dada? Tunamgongea mlevi. Sufuria langu siwezi kumgongea mtu wa Zaburi, watu watanionaje?" Akamsogelea, akashusha sauti. "Na wewe nawe, umemfanyia nini?"

Ikabaki njia moja. Keturah alikwenda kwa daktari, uso umevimba kama mkate.

"Mrudishie."

"Nini?"

"Uovu wake. Mrudishie wote. Yule mlevi nilikuwa namkwepa."

Daktari alicheka mpaka miwani ikamdondoka. "Mama, sayansi hairudi kinyumenyume."

"Basi nitoe mimi wema, nibaki na huyo mpangaji mwingine."

"Hilo halijawahi kuombwa," alisema daktari, akimsindikiza mlangoni. "Mlete Jumatano ukumbini. Nataka waungwana wamwone."

Jumatano ukumbi ulijaa kofia ndefu na marashi. Keturah alikaa nyuma, karibu na mlango. Josiah alisimama jukwaani, amechanwa nywele, mpole kama ndama.

"Mabwana!" alinguruma Daktari Averill. "Huyu alikuwa mnyama. Sasa mwoneni mtu! Na aliyemuumba upya si kuhani, si maombi. Ni mimi, kwa mikono hii miwili!"

Makofi. Keturah hakupiga. Alikuwa anamtazama mumewe usoni, na huruma ilikuwa inaingia machoni mwa Josiah.

Josiah akavua koti. Akalikunja.

Katika ukumbi mzima ni mtu mmoja tu aliyejua maana yake. Alikuwa na nafasi ya kutosha kupiga ukelele. Daktari alikuwa bado anainamia makofi. Ukelele ukampanda hadi kooni. Keturah akashika mbavu zake, akaumeza.

"Bwana daktari, ndugu yangu," alisema Josiah, akipandisha shati, "umejifanya Mungu."

Ngumi ya kwanza iling'oa taya. Ya pili ilitua kabla daktari hajaanguka. Mabwana wanne walirukia mkono wa Josiah wakaning'inia kama nguo kwenye kamba, naye akaendelea kwa mkono wa pili, akilia, akimwombea daktari kwa sauti, mpaka meno yakatawanyika jukwaani na ndevu za kuchana zikawa tambara jekundu.

Daktari hakufa, lakini hakutamka tena neno lililoeleweka.

Mahakamani hakimu alimgeukia Keturah. "Mshtakiwa amewahi kumpiga mtu kabla ya hapo?"

"Mtu?" Keturah alifikiri. "Hapana, mheshimiwa. Mimi tu."

Hakimu akaridhika, akatoa kifungo kirefu kwa ajili ya taya la daktari. Josiah alimbariki. Walipompitisha na pingu mbele ya mkewe, akasimama.

"Nitakuombea, mke wangu. Kila siku."

"Omba polepole, mume wangu," alisema Keturah. "Una muda."